Somo la 11: Jirani Anayesahau Dawa



Katika somo hili tutazungumza juu ya jambo linaloonekana mara nyingi katika vijiji vyetu vya Bukoba na Muleba, lakini watu wengi hawajalipa jina. Mtu anaishi na virusi vya UKIMWI (VVU) kwa miaka mingi. Anatumia dawa. Ana nguvu, anapalilia migomba, anavuna kahawa yake. Halafu taratibu anaanza kubadilika. Anasahau siku ya kliniki. Anaacha chungu motoni mpaka ndizi zinaungua. Akitumwa vitu vitatu dukani anarudi na kimoja. Ukimwuliza jambo anakaa kimya, kisha anajibu jambo jingine. Majirani wanasema amekuwa mzembe. Wengine wanasema ni rubisi. Wengine wananong'ona kwamba ndugu zake wamemroga wapate kibanja.

Yawezekana mtu huyu ni mgonjwa. Ugonjwa wake uko katika ubongo. Ukitambuliwa mapema waweza kutibiwa, au angalau kupunguzwa. Usipotambuliwa, ataacha dawa pasipo kukusudia. Na mtu anayeishi na VVU akiacha dawa, virusi huamka na kuzaliana upya, naye hurudi kule ambako wengi wetu tuliwaona wazazi wetu wakienda.

Tumetoka wapi

Wasomaji wa mkoa huu hawana haja ya kuelezwa UKIMWI ni nini. Wagonjwa watatu wa kwanza kutambuliwa katika nchi yetu walitambuliwa hapa hapa, katika hospitali ya Ndolage, wilaya ya Muleba, mwaka 1983. Wakati ule ugonjwa haukuwa na jina la kitaalamu linalojulikana vijijini. Watu waliuita Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa kikiletwa kwa magendo kutoka Uganda. Wengi waliamini kwamba ni uchawi wa wafanyabiashara waliodhulumiwa mpakani. Kwa sababu hiyo mali na muda vilipotea kwa waganga, na wagonjwa wakafa bila matunzo yanayofaa.

Mwaka 1987 wataalamu walipima damu za watu wazima katika mkoa. Mjini Bukoba walikuta watu 24 katika kila 100 wana virusi. Bukoba vijijini na Muleba walikuwa 10 katika kila 100. Hebu tafakari hesabu hiyo. Kama watu wazima wanne wa mjini wangekaa kwenye benchi moja, karibu mmoja wao alikuwa ameambukizwa. Baadaye, kwa elimu na kwa watu kubadili mienendo, idadi ilishuka. Mwaka 1996 mjini Bukoba walikutwa 13 katika kila 100.

Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2004 serikali ilianza kutoa bure dawa za kufubaza virusi. Hapo mambo yakageuka. Mtu aliyekuwa akisubiri kufa akainuka kitandani. Aliyeanza dawa mwaka 2005 akiwa na miaka 35, leo amepita miaka 50, na pengine ana wajukuu. Sasa tunao watu wanaozeeka na VVU, jambo ambalo miaka ya 1980 hakuna aliyelitazamia. Ndiyo sababu suala la kusahau limeanza kuonekana zaidi.

Virusi na ubongo

VVU haviishi katika damu peke yake. Huingia pia katika ubongo, na huingia mapema, majuma machache tu baada ya mtu kuambukizwa. Humo husababisha uvimbe mdogo mdogo usioonekana kwa macho, na sehemu za ubongo huanza kufanya kazi kwa shida. Dawa huzuia virusi visizaliane, lakini madhara yaliyotokea kabla ya kuanza dawa hayafutiki yote. Aliyechelewa sana kupima na kuanza dawa ndiye aliye katika hatari kubwa zaidi.

Mfikirie karani wa chama cha msingi siku ya kupokea kahawa. Anapima magunia, anaandika majina, anahesabu, anajibu maswali ya wakulima waliopanga mstari. Karani huyo akiwa na homa, kahawa bado ipo na mizani bado ipo. Lakini kazi inakwenda polepole, majina yanarukwa, na mtu akimsemesha wakati anahesabu, hesabu inapotea. Ndivyo ilivyo kwa mgonjwa tunayemzungumzia. Hajawa mjinga. Anayoyajua bado anayajua: wimbo wa kuvuna kahawa shambani, majina ya watoto wake, mipaka ya kibanja chake. Kinachomshinda ni kushika mambo mapya, kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja, na kukumbuka kwa wakati unaotakiwa.

Dalili nyingine huwapotosha watu zaidi. Mgonjwa hupoteza hamu. Anakaa barazani kutwa, haendi msibani, haongei kikaoni. Mikono yake huwa mizito, anaangusha kikombe, anajikwaa. Huweza kukasirika kwa jambo dogo. Nyumbani haya yote huitwa tabia mbaya.

Wataalamu wa Marekani na wa Uganda walitengeneza kipimo kifupi cha kutambua hali hii, wakakitangaza mwaka 2005 baada ya kukijaribu Kampala na Baltimore. Uzuri wake ni kwamba hakihitaji mtu kujua kusoma. Mgonjwa anatajiwa maneno manne: mbwa, kofia, maharage, nyekundu. Kisha anagonganisha vidole viwili upesi upesi kwa muda mfupi. Kisha anafuatisha mwendo wa mkono: ngumi, kiganja, ubavu wa mkono. Mwishoni anaombwa ataje yale maneno manne. Hiyo ni kazi ya mhudumu wa afya aliyefundishwa, naye akiona alama ni chache humpeleka mgonjwa kwa uchunguzi zaidi. Usimpime jirani yako barazani mbele ya watu, ukamfanya kichekesho.

Huko Kampala wagonjwa waliopewa dawa za kufubaza virusi walipopimwa tena baada ya miezi 6, walikuwa wamepata nafuu katika kufikiri na kukumbuka. Hilo ni jambo la kutia moyo sana. Kwa upande mwingine, uchunguzi uliofanywa Moshi kwa watu wenye VVU waliofikia miaka 50 na zaidi, ambao wengi wao walikuwa tayari wanatumia dawa, ulikuta karibu nusu yao wana upungufu fulani, mwingine mdogo tu. Kwa hiyo dawa husaidia sana, lakini mtu aweza kutumia dawa vizuri na bado akahitaji msaada wa watu.

Si kila kusahau kunatokana na VVU

Tusikimbilie kuamua. Pombe nyingi huharibu kumbukumbu, na mtu anayeishi na VVU huathirika upesi zaidi. Huzuni ya muda mrefu hufanya hivyo hivyo, na ni nyumba chache hapa kwetu ambazo hazijazika. Shinikizo la damu, kisukari, kaswende ya muda mrefu na uzee nao wana sehemu yao. Mengi ya haya yana tiba. Mganga wa zahanati au hospitali ndiye atakayeyapambanua.

Lakini ziko dalili ambazo hazingoji kesho. Mtu anayeishi na VVU akianza ghafla kuumwa sana kichwa, akawa na homa, shingo ikakakamaa, akaanza kuweweseka, akapata degedege, au upande mmoja wa mwili ukalegea, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Yaweza kuwa kifua kikuu kilichoingia kwenye ubongo, au homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi. Magonjwa haya huua upesi, nayo hutibika yakiwahiwa. Wengi wamecheleweshwa kwa sababu jamaa walikaa kikao cha kutafuta aliyeroga.

Mfano wa kujadili

Mfano huu tumeutunga kwa ajili ya somo, lakini wengi mtautambua.

Mama mmoja wa Kamachumu ana miaka 58. Ni mjane. Anaishi na mjukuu wake wa miaka 12. Kwa miaka mingi alikuwa akihudhuria kliniki vizuri sana, na kwa sababu hiyo alianza kupewa dawa za miezi mingi kwa mara moja. Utaratibu huo ni mzuri, unapunguza safari na nauli. Lakini una upande wa pili: muuguzi anamwona mara chache, na mabadiliko yake hayaonekani upesi. Ni lazima ayaone mtu wa nyumbani.

Mhudumu wa afya wa kijiji alipita kumtembelea tarehe 12.

"Hodi! Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae. Tafuna kahawa."

"Asante, mama. Habari za siku nyingi? Dawa za leo umeshameza?"

"Nimemeza." Akanyamaza kidogo. "Au ilikuwa jana?"

Mjukuu akasema, "Bibi huniuliza jambo moja mara tatu. Nilidhani ananitania."

Mhudumu hakugomba. Aliomba aone kopo. Lilikuwa na vidonge 30 lilipofunguliwa tarehe 1, na dawa ni kidonge kimoja kwa siku. Tufanye hesabu pamoja. Kutoka tarehe 1 hadi tarehe 12 ni siku 12. 30 toa 12 ni 18. Vilipaswa kubaki vidonge 18. Mhudumu alihesabu 25. Basi siku 7 zilipita bila dawa, na mama mwenyewe hakujua.

Hapa ndipo pa kusimama na kufikiri. Kama mhudumu angesema, "Mama, umekuwa mzembe," mama angeona aibu. Safari ya pili angelificha kopo, au angevimwaga vidonge ili hesabu ilingane. Badala yake alisema, "Mama, nitakusindikiza kliniki Jumatatu. Tutamweleza daktari juu ya huku kusahau." Kliniki walimpima wingi wa virusi, wakampima na shinikizo la damu, wakakuta liko juu. Alipewa dawa ya shinikizo, na nyumbani wakapanga utaratibu mpya. Baada ya miezi kadhaa virusi vilishuka. Kusahau kulipungua, ingawa hakukwisha. Mgeni akija, bado mama humwuliza jina mara mbili.

Utaratibu wa nyumbani

Mtu anayesahau hasaidiwi kwa kuambiwa "kumbuka". Husaidiwa kwa kuweka dawa mahali ambapo siku yenyewe itamkumbusha. Kila nyumba ina jambo lisilokosekana: uji wa asubuhi, kufungulia mbuzi, taarifa ya habari ya redio. Dawa imezwe pamoja na jambo hilo, saa ile ile, kila siku. Kopo likae mahali pamoja. Kalenda itundikwe ukutani, na kila kidonge kikimezwa tarehe ipigwe mkwaju kwa kalamu. Asiyejua kuandika anaweza kupiga mkwaju. Na wewe uliyejifunza kusoma katika darasa hili, hii ni kazi yako: kwenye kalenda ya jirani, izungushie duara tarehe ya kliniki, naye akiwa hapo anaona.

Kama dawa imesahauliwa na ikakumbukwa baadaye siku ile ile, imezwe. Lakini asimeze viwili kwa pamoja kesho yake ili kufidia. Pia iko imani kwamba bila chakula kizito dawa isimezwe. Dawa inayotumiwa na watu wazima wengi siku hizi yaweza kumezwa hata kabla ya kula. Njaa ya siku moja isiwe sababu ya kuacha. Mwenye shaka juu ya dawa yake aulize kliniki.

Katika mazungumzo, mpe jambo moja kwa wakati mmoja. Mtume kitu kimoja, akirudi mtume cha pili. Zima redio unapomweleza jambo la maana. Mpe nafasi ya kujibu. Usimalizie sentensi zake. Na usimnyang'anye kazi zote kwa kumhurumia. Mtu anayejua kukata ndizi na kumenya aachwe amenye, kwa maana kazi aliyoizoea huupa ubongo mazoezi, tena humpa heshima yake.

Watoto waliozaliwa na virusi nao wakumbukwe. Wengine ubongo wao ulichelewa kukua, na shuleni huonekana wazito. Mwalimu akijua, ataacha fimbo na kumrudilia somo.

Kijiji kifanye nini

Vijiji vyetu havikosi umoja. Kuna vyama vya kufa na kuzikana, vyenye mwenyekiti, katibu, daftari na faini. Mtu akifa, saa mbili hazipiti kabla ya turubai, sufuria na kuni kufika. Mimi huuliza katika madarasa: daftari lile lile haliwezi kuwa na ukurasa mmoja wa walio hai? Zamu ya watu wawili kila juma, kumpitia jirani mgonjwa, kumchotea maji, kuangalia kalenda. Ni kazi ndogo kuliko ya kuchimba kaburi.

Mambo haya si ndoto, yamekwisha kufanyika mkoani kwetu. Huko Nshamba, Muleba, vijana yatima wa chama cha Vijana Simama Imara, kilichozaliwa katika mradi wa Humuliza, walijipanga kusaidiana wao kwa wao na kuwasaidia wazee na wagonjwa wa jirani. Hapo hapo Nshamba shirika la Kwa Wazee lilianza mwaka 2003 kuwapa mabibi na mababu wanaolea wajukuu pensheni ndogo ya kila mwezi, na wazee wakaunda vikundi vya kutembeleana. Mjini Bukoba, kati ya mwaka 2014 na 2017, watu wanaoishi na VVU waliwasindikiza wenzao waliopimwa karibuni mpaka wakaizoea kliniki. Yule anayesindikiza, akiwa ameipita njia hiyo mwenyewe, huaminiwa kuliko mwingine.

Hapana budi tuseme na hili. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Marekani ilisimamisha sehemu kubwa ya misaada yake, na kazi nyingi za kufuatilia wagonjwa nchini zilizotegemea fedha hizo ziliyumba. Mhudumu anayelipwa na mradi aweza kuondoka mwezi wowote. Jirani yupo.

Lakini msaada uwe na adabu. Mgonjwa mwenyewe achague nani ajue na nani asijue. Wawili wanaoaminika wanatosha. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya majibu ya mtu na inakataza kumnyanyapaa. Anayetangaza habari za jirani kilabuni, hata kama anadai anamwonea huruma, anamfukuza kutoka kwenye dawa.

Jambo la mwisho ni ardhi. Mtu anayesahau ni rahisi kudhulumiwa. Anapelekewa karatasi jioni, anaambiwa aweke dole gumba, na kesho yake kibanja cha ukoo kimeuzwa. Hakumbuki kama alikubali. Katika mkoa huu, ambako kibanja kina kaburi la babu na mibuni ya watoto, kumnyang'anya mtu kibanja ni kumwondoa duniani. Basi karatasi yoyote isomwe kwa sauti mbele ya watu wa nyumbani, irudiwe siku nyingine, na mgonjwa aulizwe aeleze kwa maneno yake imesema nini. Asipoweza kueleza, asitie dole. Wenye shaka waende upesi kwa mtendaji wa kijiji kabla karatasi haijafika mbali.

Maswali ya kujadiliana katika kundi

1. Je, katika kitongoji chenu yuko mtu anayesemwa kuwa mzembe au amerogwa? Bila kumtaja jina, elezeni mlichokiona na mnachofikiri sasa.

2. Kopo lilikuwa na vidonge 30 tarehe 1. Tarehe 20, baada ya dawa ya siku hiyo, vimebaki 14. Ni siku ngapi zilikosa dawa? Utamwambia mgonjwa maneno gani?

3. Chama chenu cha kuzikana kina wanachama wangapi? Zamu ya watu wawili kila juma ingemrudia kila mmoja baada ya majuma mangapi?

4. Someni tena sehemu ya ardhi. Kisha andikeni karatasi ya mfano ya kukodisha shamba, mmoja aisome kwa sauti, na mwingine aeleze kwa maneno yake imesema nini.